Jibu kwa swali: Riwaya ya wachawi na mashine za mvuke, lazima niiweke London?

Mkuu hapana, si lazima. Kwanini uhangaike na ukungu wa watu wakati Reli ya Kati ilianza kujengwa hapahapa Dar 1905 ikafika Kigoma 1914, na kule Ziwa Tanganyika kuna Liemba, meli imeletwa vipandevipande toka Ujerumani, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaja kuibuliwa 1924 ikarudi mzigoni 1927, sasa we unataka stimpanki (hizo hadithi za mashine za mvuke) gani tena?

Na wachawi wa kusakwa usiwafuate mbali. Usukumani vikongwe wameuawa kisa macho mekundu, na macho yenyewe yameharibiwa na moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe tu. Mi ningeweka binti wa miaka 15 hivi anatupia kuni kwenye tanuru la treni, moshi unampiga kila siku, siku anajiangalia kwenye kioo cha behewa anakuta macho yashaanza kuwa kama ya bibi yake, na abiria nao washaona. Yaani injini ndo inamponza. Madogo wa sekondari hapo hawalali, ila usiwape semina. Na ungo weka bana, tena ufunge na boila ndogo kwa chini hahaha