Muulize Nesi: Penta ya pili imempita, tuanze upya?

SWALI: Shikamoo nesi. Mwanangu ana miezi mitano. Alichomwa chanjo ya Penta ya kwanza akiwa na wiki sita, usiku ule mwili ukachemka na paja likavimba. Siku ya sindano ya pili tulikuwa shamba kwenye mavuno, nikaona nimeshachelewa, nikaacha. Mama mkwe anasema tuachane nazo, kifaduro dawa yake maziwa ya punda, na tena watoto wa majirani wote wamechanjwa. Halafu naogopa manesi watanifokea. Je, tunaanza upya?
Mama Latifa, Handeni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hamuanzi upya. Penta hukinga magonjwa matano kwa pamoja, yakiwemo kifaduro, dondakoo na pepopunda. Ratiba ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14, lakini aliyechelewa huendelea pale alipoishia. Mpeleke kliniki wiki hii apate ya pili, kisha ya tatu baada ya wiki nne. Siku hiyohiyo watamwangalizia na nyingine alizokosa, kama matone ya polio na ile ya nimonia.

Homa ya usiku ule naijua. Ndani ya Penta mna vimelea vya kifaduro vilivyouawa, navyo ndivyo hasa vinavyouchokoza mwili. Kwa kawaida hutulia ndani ya siku moja au mbili. Mnyonyeshe kila mara, mpunguzie nguo, mpe panado ya maji kwa kipimo utakachoelekezwa kituoni kulingana na uzito wake. Paja usilikande kwa maji moto wala kulichua. Ila akipata degedege, au akilia kwa muda wa saa tatu mfululizo habembelezeki, mrudishe kituoni. Na kabla ya sindano ya pili mweleze nesi yaliyotokea kwenye ya kwanza.

Sasa mama mkwe, kwa heshima zake zote. Nimefanya kazi wodi ya watoto. Kifaduro cha mtoto mchanga mara nyingine hakina hata ule mlio wa kuvuta pumzi tunaousikia kwa watoto wakubwa. Anakohoa mfululizo, anatapika, halafu kimya. Ukimtazama, midomo na ulimi vimebadilika rangi, pumzi imekatika. Saa hiyo utamtafuta punda wapi?

Kuhusu watoto wa majirani, kwa kifaduro na dondakoo kuna ukweli kidogo, maana hayo mtu humwambukiza mtu. Pepopunda haitoki kwa mtu. Vijidudu vyake vimo kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, na ninyi ni watu wa shamba. Latifa akishaanza kutambaa na kuchomwa na miiba, chanjo ya mtoto wa jirani haimsaidii kitu.

Kufokewa? Huenda. Sema "samahani nesi", mtoto achomwe, mrudi nyumbani. Vituo vya serikali hawatozi hela ya chanjo. Beba kadi yake, na kama imepotelea huko shamba nenda hivyohivyo, wataangalia kwenye rejesta.