Maswali ya Wasomaji: RAM isiyorudi mashine pepe ikizimwa

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nina seva ya zamani ya Intel yenye KVM (sehemu ya Linux ya kuendeshea mashine pepe), keneli, yaani kiini cha mfumo, ya Linux 4.9. Nasikia kwa kasoro ya usalama iliyosajiliwa kama CVE-2017-2596 mashine pepe, yaani mgeni, inaweza kumaliza RAM ya seva nzima. Vipi, na nimempa mgeni GB 4 tu? Nikimzima si zinarudi zote?

JIBU: Hazirudi, na ubaya wake uko hapo. Keneli hugawa RAM kwa kurasa za KB 4, na kila ukurasa una hesabu ya wanaoushikilia. Hesabu ikifika sifuri ndipo ukurasa unakuwa huru. Sasa, mgeni anayeruhusiwa kuendesha mashine pepe nyingine ndani yake huanza na amri ya VMXON, akitaja ukurasa mmoja wa kumbukumbu yake. KVM huushika, hesabu inapanda kwa moja, inasoma baiti 4 za mwanzo kuhakiki namba ya toleo, basi, inaendelea na mambo yake bila kuuachia. Namba iwe sahihi au isiwe, hesabu haishuki.

Mwenye root, yaani mamlaka yote, ndani ya mgeni anaweza kurudia VMXON kwa ukurasa mwingine, na mwingine tena. GB 4 ni kurasa 1,048,576. Akiwa na virtio-balloon, kifaa pepe cha kurudishia seva RAM na kuichukua tena, hurudisha zilizokwama akapewa mpya, kwa hiyo hata kikomo ulichoweka hakimzuii. Aliyeibua kasoro hii ni syzkaller, programu ya kuirushia keneli miito ya ovyo hadi ijikwae. Tiba yenyewe ilikuwa mistari michache ya kuachia ukurasa.

Kwako: soma /sys/module/kvm_intel/parameters/nested. Ikiwa N, uko salama. Ikiwa Y na huhitaji mgeni ndani ya mgeni, andika "options kvm_intel nested=0" katika /etc/modprobe.d/kvm.conf, zima wageni wote, kisha modprobe -r kvm_intel na modprobe kvm_intel. Ikikataa kutoka, kuna mgeni bado anaendelea. Kasoro imeorodheshwa hadi keneli 4.9.8, lakini usiamini namba inayotolewa na uname -r peke yake: Red Hat na Debian hurudisha marekebisho kwenye matoleo ya zamani bila kubadili namba kuu. Tafuta jina la CVE katika rpm -q --changelog kernel, au apt changelog.

SWALI: Nitajuaje kama imeshavuja?

JIBU: Zima wageni, endesha sync, andika 3 katika /proc/sys/vm/drop_caches, kisha linganisha free -m na ile ya seva iliyotoka kuwashwa. Kurasa zilizokwama hazionekani kwenye AnonPages (RAM ya programu) wala Slab (RAM ya keneli yenyewe), ni pengo tu ndani ya /proc/meminfo. Kmemleak, zana ya keneli ya kutafuta uvujaji wa kumbukumbu, haitakusaidia, haifuatilii kurasa. Ukikuta pengo kubwa, weka keneli mpya na uiwashe upya seva yenyewe. Kumwasha upya mgeni hakurudishi kitu.

SWALI: Na wenye AMD?

JIBU: VMXON ni amri ya Intel. Hii haiwahusu.