Flashi ya kikundi na kompyuta ya steshenari

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mweka hazina wa VICOBA hapa Chang'ombe, Dodoma. Hesabu za hisa na mikopo ya wanachama 28 nimeziweka kwenye Excel ndani ya flashi ya GB 16, na kila mwisho wa mwezi naipeleka steshenari kuprinti. Folda nimeificha kwa alama ya "Hidden", lakini juzi kijana wa dukani kaifungua mbele yangu kama yake. Naweza kuiwekea neno la siri?

JIBU: Unaweza. Hiyo "Hidden" haifungi chochote, inaondoa tu folda machoni. Ukiingia View na kutia tiki "Hidden items", yote yanarudi.

Kama kompyuta yako ni Windows Pro, tayari ina BitLocker, kifaa cha kufunga data kwa neno la siri. Chomeka flashi, ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Turn on BitLocker", weka neno la siri refu. Utapewa pia namba ya akiba ya tarakimu 48: iprinti, ikae mbali na flashi. Ukipoteza neno la siri na namba hiyo, data imekwenda. Hakuna fundi wa kuirudisha, awe wa Dodoma au wa Kariakoo. Ukiulizwa sehemu ya kufunga, chagua flashi nzima, kwa sababu mafaili uliyofuta zamani bado yanaweza kufufuliwa. Kisha chagua "Compatible mode". Flashi ya polepole inaweza kula nusu saa na zaidi, kwa hiyo tumia laptopu yenye chaji, umeme usije ukakatika katikati.

Windows Home hufungua flashi ya BitLocker lakini haiwezi kuitengeneza. Hapo tumia 7-Zip, programu ya bure ya kufungasha mafaili: "Add to archive", aina ya 7z, neno la siri, na tiki kwenye "Encrypt file names" (aina ya zip huacha majina ya mafaili wazi). Kazi hii ifanyie kwenye kompyuta yako, halafu nakili faili lililofungwa kwenye flashi. Ukilifungia ndani ya flashi kisha ukafuta la zamani, lile la zamani linaweza kufufuliwa.

Sasa penye shida yenyewe. Ukiandika neno la siri kwenye kompyuta ya steshenari, umeifungulia kompyuta ile na virusi vyake vyote, na pengine kuna programu inayonakili kila unachoandika. Flashi ya hesabu isifike dukani kabisa. Nunua nyingine ndogo, hata ya GB 4, weka PDF ya kuprinti peke yake, na ukirudi nyumbani ifomati. Hata hivyo PDF huenda ikabaki dukani, basi isiwe na namba za simu wala za NIDA. Namba ya uanachama inatosha. Na nakala ya hesabu iwepo mahali pa pili, maana flashi hufa bila kuaga.

SWALI: Flashi yangu imejaa shotikati tupu, mitihani ya wanafunzi siioni. Niifomati? Mwalimu, Kongwa.

JIBU: Usifomati bado, Mwalimu, na usibofye shotikati hata moja, maana ukiibofya unakiwasha kirusi. Kwa kawaida mafaili yapo, yamefichwa tu. Ichunguze kwanza kwa antivirusi iliyosasishwa, kisha fungua cmd (dirisha la kuandikia amri la Windows) na uandike, kama flashi inaonekana kuwa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Yatajitokeza, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Nakili hati na picha tu, kinachoishia na .lnk, .vbs au .exe (shotikati na programu) kiache. Hapo ndipo ufomati: exFAT kama una mafaili yanayozidi GB 4, la sivyo FAT32 inatosha. Kompyuta ya shuleni nayo isafishwe siku hiyohiyo, au flashi itaugua tena kesho.