Kunywa dawa ya mzio kila siku: je, ni upungufu wa tawakkul (kumtegemea Allah)?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Ni mke na mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Tangu mwaka jana mwili hunitoka mabaka mekundu yaliyovimba, yanawasha hadi usiku najikuna kwa kitana. Asubuhi nyingine naamka kope zimevimba. Daktari wa ngozi amesema ni mzio sugu, vipimo havikuonyesha chanzo, akaniandikia setirizini kila siku. Nikinywa napata nafuu, nikiacha yanarudi. Mama mkwe ametupeleka kwa mzinguaji, yaani mtu anayewasomea wagonjwa kisomo. Amesema kwa kuwa vipimo havikuona kitu basi ni jini, na kwamba vidonge vya kila siku vinazuia kisomo na ni imani haba, kwani watu sabini elfu wataingia Peponi bila hesabu kwa kuacha dawa. Mume wangu amevichukua vidonge. Ramadhani inakaribia. Nifanye nini?

JAWABU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Pole sana, binti yangu. Swali lako limeninyima raha, kwa sababu umezidishiwa maradhi kwa kutumia hadithi ya Mtume (s.a.w.), na hadithi yenyewe haisemi ulivyoambiwa.

Kunywa dawa hiyo kila siku inafaa, wala haipunguzi tawakkul yako hata kidogo. Na maadamu kuiacha kunakudhuru, hapana mwenye haki ya kukunyima.

Hadithi ya sabini elfu ameipokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas. Wametajwa humo watu wasioomba kuzinguliwa, wasioamini mikosi, wasiojichoma moto kwa tiba, na wanaomtegemea Mola wao. Rudia kuisoma. Jambo la kwanza kutajwa ni kuomba kuzinguliwa! Huyu bwana anakukataza kidonge, ambacho hakimo katika hadithi, kisha anakuita kwenye kisomo chake, ambacho kimo. Kama angeishika hadithi kwa namna anayowashikisha wengine, angeanza kwa kufunga mlango wake mwenyewe. Na hata huko kuchoma moto, Mtume alimchoma Saad bin Muadh kwa mkono wake alipojeruhiwa mshipa wa mkono, kama alivyopokea Muslim. Wanaosifiwa ni wale ambao nyoyo zao hazikuning'inia kwa viumbe. Mgonjwa anayekunywa dawa huku akijua kwamba anayeponya ni Allah hatoki katika sifa hiyo.

Alipoulizwa na mabedui kuhusu matibabu, Mtume alisema: "Jitibuni, enyi waja wa Allah, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja: uzee." Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Lakini iliyo karibu zaidi na hali yako ni ya Anas, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam walipata muwasho wa ngozi, Mtume akawaruhusu kuvaa hariri. Hariri ni haramu kwa wanaume, na hawa wawili ni katika kumi waliobashiriwa Pepo. Hakuwaambia imani yao haba. Aliwalegezea haramu kwa sababu ya muwasho, sasa wewe utazuiwaje halali?

Najua watakuletea pia yule mwanamke mwenye kifafa aliyechagua kusubiri apate Pepo. Ni hadithi sahihi. Lakini yeye alihiyarishwa na Mtume, aombewe apone au asubiri, akachagua mwenyewe. Subira haichaguliwi na mkwe kwa niaba ya mkaza mwana, wala na mume kwa kufungia vidonge kabatini.

Ama "vipimo havikuona kitu, basi ni jini", hiyo si hoja. Mabaka ya aina hii yakizidi wiki 6 huitwa sugu, na mara nyingi hayana chanzo cha nje kama chakula au vumbi. Seli za ngozi zinamwaga zenyewe histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho na uvimbe, na setirizini huizuia isifanye kazi. Ndiyo maana hunywewa kila siku: inazuia mabaka yasitoke wakati mwili ukingojewa kutulia, na wengi hutulia baada ya miezi au miaka. Hata wewe unakula kila siku, na hakuna aliyesema umekitegemea chakula badala ya Allah. Yanarudi ukiacha kwa sababu maradhi hayajaisha.

Majini tunayaamini, na kisomo cha Qur'ani ni haki. Jisomee mwenyewe Fatiha, Ayatul Kursiy na Muawwidhatayn (sura za Falaq na Nas), ujipanguse mwili. Kisomo cha kweli hakizuiliwi na kidonge. Anayekwambia uchague kimoja mwogope.

Ramadhani, kinywe kidonge usiku au wakati wa daku, kwani nguvu yake hukaribia siku nzima. Kikikulevya usingizi, kinywe baada ya Isha, na mwambie daktari. Zipo dawa za kundi hilo zisizolaza sana. Usijiongezee vidonge mwenyewe. Mafuta ya kupaka hayafunguzi, wala sindano isiyo ya lishe, kama lilivyoamua Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, Jeddah, 1997. Lakini ukivimba ulimi au koo, au pumzi ikibana, fungua hapo hapo na ukimbizwe hospitali. Siku hiyo utailipa. Usingoje adhana.

Na hili ni la mumeo, umsomee. Ndugu yangu, zamani za Mtume mtu aliyejeruhiwa kichwani aliambiwa na wenzake hana ruhusa ila aoge janaba, akaoga, akafa. Mtume akasema: "Wamemuua, Allah awaue! Kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui?" Ameipokea Abu Daud. Wewe umeamini neno la mtu asiyejua, na mwenye kuumia ni mkeo, anayejikuna gizani asiwaamshe wanao. Mrudishie vidonge leo. Nenda naye kliniki umsikie daktari kwa masikio yako. Mama yako mheshimu, mwambie kwa upole kwamba umeuliza na umejibiwa. Kumtii hakufiki mahali pa kumdhuru mtoto wa mwenzako. Akiwa bado na shaka, mlete, nitazungumza naye mimi.

Allah akuponye, binti yangu. Wallahu aalam.