Kinyama kikishakatwa, uliza na vipokezi

Huku kwetu Mbeya, mtu akiambiwa uvimbe wa titi lazima ukatwe kinyama kikapimwe, ndugu wanaanza kuvutana. Shangazi yangu wa Tukuyu aligoma kabisa: "Ukichokonolewa unatapakaa mwili mzima!" Kubalini, tena mapema. Kinachoipa saratani nafasi ya kusambaa ni kucheleweshwa, na bila kinyama hicho daktari anabahatisha tu.

Shida ni kwamba wengi tukishasikia "ni saratani" hatuulizi tena. Uliza: ina vipokezi gani, yaani zile sehemu za seli zinazopokea amri? Saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Kuna seli zenye vipokezi vya estrojeni. Homoni hiyo ikikaa pale, seli inaamriwa kugawanyika. Tamoksifeni, kidonge kilichobuniwa Uingereza mwaka 1962 na watu waliokuwa wakitafuta dawa ya kuzuia mimba (kwa kazi hiyo kiliwaangusha), huwahi kukalia nafasi hiyo, amri isipite. Seli isiyo na kipokezi, kidonge hakiifanyi kitu. Nyingine zimejaza kipokezi kingine, HER2, kwenye ukuta wake, na hizo zina dawa yake, trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Kwa hiyo dawa iliyomsaidia mama wa kitanda cha pili huenda isikufae wewe hata kidogo.

Mkipewa kichupa mkipeleke wenyewe maabara ya mbali, hakikisheni kinyama kimezama kwenye fomalini, ile dawa ya maji ya kukihifadhi kisiharibike, na fomalini iwe kama mara kumi ya ujazo wake. Msikiweke friza. Kikichelewa kutiwa fomalini, vipokezi huharibika na majibu yanaweza kusoma "hakuna" kumbe vilikuwepo. Jina liandikwe kwa penseli, ubavuni mwa kichupa, vifuniko hubadilishana. Cha shangazi kilivuja kidogo kabla hata hatujafika Makambako, wino ukawa doa la bluu. Afadhali muuguzi alikuwa amerudia jina kwa penseli kwenye kipande cha plasta.

Majibu yake ya kwanza hayakutaja vipokezi. Tukauliza, wakapima kwenye bloku ileile ya nta ambamo kinyama huhifadhiwa, bila kumkata tena. Ulizeni bloku yenu iko wapi, na namba yake muiandike.

Akaanzishiwa tamoksifeni. Kidonge hiki kwa kawaida humezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi, kwa hiyo kujisikia mzima si sababu ya kuacha. Shangazi analalamika joto la ghafla usiku, hata Julai, wakati sisi wengine tumejifunika mablanketi mawili. Hilo ni la kawaida kwa dawa hii. Lakini mwanamke aliyekwisha koma hedhi akiona damu ukeni, hata tone, asisubiri tarehe ya kliniki. Aende akaonwe, na aseme anameza tamoksifeni.