Hoja ya upande wa pili: itaje, kisha uijibu

Unauliza kama barua yako ya kuwashawishi wakulima itaje hoja ya wanaoipinga. Ndiyo, itaje, ila usiiache ikining'inia. Ijibu papo hapo. Mwaka 1999 mtafiti wa mawasiliano Daniel O'Keefe alichambua kwa pamoja tafiti nyingi za ushawishi, akaona ujumbe unaotaja hoja pinzani na kuijibu unashawishi kuliko wa upande mmoja. Unaoitaja bila kuijibu unashindwa hata na huo wa upande mmoja.

Sasa tuje kwenye barua yako ya kuwaomba wana AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, waache kangomba, yaani kuwauzia walanguzi korosho nje ya ghala la chama: mkulima wa Tandahimba anajua kangomba inampa pesa mkononi leo, wakati mtoto anadaiwa sare ya shule. Ukilikwepa hilo, atajua humjui. Likubali kwanza, halafu mwonyeshe kwa hesabu: kwenye kangomba bei na kipimo anapanga mnunuzi peke yake, lakini kwenye ghala la chama korosho inakwenda mnadani na wanunuzi wanashindana. Weka bei za mnada za msimu uliopita kutoka chama chenu, si za kusikia.

Na tafadhali usiwaite wajinga. Nimeona barua nzuri sana ikichanwa Masasi kwa neno hilo moja tu.