Kwa unayeanza kuhamishia barua pepe zako kwenye SQLite

Karibu. Gmail ni hodari wa kutafuta barua lakini si wa kuhesabu. Ukiuliza wanunuzi wa dagaa wa soko la Mwaloni huagiza zaidi mwezi gani, au ankara ngapi zilikaa zaidi ya wiki bila kujibiwa, unahitaji kanzidata (hifadhi ya data iliyopangwa katika majedwali). Kwa barua za mtu mmoja SQLite inatosha kabisa: ni faili moja, haina seva ya kuwasha, na Python huja nayo tayari. Akitokea mtu wa kukushauri ufunge PostgreSQL (kanzidata inayohitaji seva) kwa kazi hii, mshukuru na uendelee na yako.

Kanuni ya kwanza: faili ghafi la barua haliguswi. Litunze nakala mbili, moja kwenye diski ya nje. Majedwali yote yajengwe na skripti, ili siku ukigundua kosa ufute kanzidata nzima na kuijenga upya. Ukirekebisha data kwa mkono ndani ya jedwali, marekebisho hayo yatapotea siku hiyo hiyo.

Barua za Gmail zipakue kwa Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako. Ondoa alama kwenye huduma zote, bakiza barua tu. Kiungo cha kupakua hudumu kama siku 7, kwa hiyo usikiombe kabla hujajua utapakulia wapi. Hapa Mwanza wengi hungoja bando la usiku au mtandao wa chuo. Akaunti ya bure ina GB 15 zinazogawanywa na Drive pamoja na picha, ila tenga nafasi mara tatu ya ukubwa wa barua zako: zipu, mbox iliyofunguliwa (faili moja lenye barua zote), kisha kanzidata na viambatisho. Flashi yenye mfumo wa FAT32 hukataa faili linalozidi GB 4, hata ikiwa na nafasi tele. Iumbize upya kwa exFAT, na kumbuka kuhamisha kwanza vilivyomo.

Ndani ya mbox barua zote zimeshonwa pamoja, na lebo zake ziko kwenye kichwa (mstari wa taarifa ulio juu ya barua) kiitwacho X-Gmail-Labels. Hapo ndipo utakapochuja barua taka. Majina ya lebo hufuata lugha ya akaunti, basi angalia kwanza yameandikwaje kabla ya kuandika sharti la kuchuja.

Kwa kusoma, tumia moduli ya mailbox ya Python, lakini ipe factory (kitendaji kinachofungua kila barua) inayoita email.message_from_binary_file yenye policy.default. Usipofanya hivyo utapata mada zilizojaa =?UTF-8?B? badala ya maneno. Mwili uchukue kwa get_body, ukitanguliza maandishi matupu kuliko HTML. Kila barua iwe ndani ya try yake: herufi zenye usimbaji usiojulikana zitaleta LookupError, na barua moja mbovu isisimamishe maelfu yaliyo nyuma yake. Iandike kwenye jedwali la makosa, endelea.

Majedwali matatu yanatosha kuanzia: barua, wapokeaji (mstari mmoja kwa kila mpokeaji, usiwabane wote kwenye safu moja), na viambatisho. Viambatisho vyenyewe viweke kwenye folda, kila kimoja kikiitwa kwa SHA-256 yake, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Nembo iliyotumwa mara mia nne itahifadhiwa mara moja tu.

Ufunguo wa barua uwe Message-ID, kitambulisho kilichomo kwenye vichwa vya barua. Ikikosekana, tengeneza ufunguo kwa kuunganisha tarehe, mtumaji, mada na mwili, kisha uupitishe SHA-256. Wengi hukimbilia kupiga SHA-256 ya barua nzima ilivyo, na hapo ndipo wanapoangukia: Takeout huongeza vichwa vyake, kwa hiyo barua ile ile ukiichukua baadaye kwa IMAP (njia ya kusoma barua moja kwa moja kutoka kwenye seva) inatoka na alama tofauti na unaipata mara mbili. Ukiwa na ufunguo mzuri, INSERT OR IGNORE, inayoruka barua iliyokwisha kuingizwa, inakuruhusu kuendesha skripti upya bila hofu.

Tarehe ndiyo inayoharibu hesabu nyingi kimyakimya. Hifadhi sekunde za UTC (saa ya kimataifa, iliyo saa 3 nyuma ya yetu), zinazohesabiwa tangu 1970, kama namba kamili. Barua iliyofika saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu hapa Mwanza, kwa UTC bado ni Jumapili 22:30. Ukihesabu barua kwa siku bila kuongeza saa 3, Jumatatu yako inaibiwa. Sisi hatubadilishi saa kwa majira, kwa hiyo date(tarehe, 'unixepoch', '+3 hours') inafaa mwaka mzima. Kuna mtego mwingine: kichwa cha Date chenye -0000 mwishoni hukifanya kitendaji cha Python parsedate_to_datetime kirudishe muda usio na ukanda wa saa. Ukiita timestamp() juu yake, Python hudhani ni saa za kompyuta yako, na barua inarudi nyuma saa 3. Weka ukanda wa UTC mwenyewe kwanza. Kichwa cha Date pia huandikwa na mashine ya mtumaji, ambayo huenda ikadhani bado ni 1970. Linganisha na kichwa cha Received cha juu kabisa, kilichoandikwa na seva yako.

Na ukichambua saa zilizotajwa ndani ya barua zenyewe, tahadhari: "tukutane kivukoni Kamanga saa 4" kwa aliyeandika Kiswahili asubuhi ni 10:00 ya kompyuta, si 04:00. Hakuna moduli itakayokuonya.

Kutafuta maneno kunataka FTS5, sehemu ya SQLite ya kutafuta ndani ya maandishi, na hapa mafunzo mengi ya mtandaoni hayatusaidii. Yanashauri tokenaiza (kinachokata maandishi kuwa vipande vya faharasa) ya porter, inayokata miisho ya maneno ya Kiingereza. Kiswahili hubadilika mwanzoni: nimelipa, hajalipa, watalipa, tulilipa. Utafutaji wa kiambishi mwanzo (lipa*) hautaona hata moja kati ya hizo. Tumia tokenaiza ya trigram, inayokata vipande vya herufi tatu tatu na iliyopo tangu SQLite 3.34; ukiandika lipa itayapata maneno yote manne, na malipo utayapata kwa lip. Herufi tatu ndicho kiwango cha chini, na faharasa yake ni nene kuliko ya kawaida. Toleo lako likague kwa SELECT sqlite_version().

Kabla ya kuhesabu maneno, tenganisha maandishi mapya na yaliyonukuliwa. Mjadala wa barua kumi hubeba barua ya kwanza mara kumi. Ondoa mistari inayoanza na > na uweke kilichobaki kwenye safu ya pili, lakini bakiza mwili kamili kwenye safu yake.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, SQLite hurudi kwenye commit ya mwisho (mara ya mwisho ulipothibitisha yaliyoandikwa) bila kuharibika. Fanya commit kila barua 500. Ukifanya kila barua, diski itakuwa inasubiriwa muda wote. Nakala usiichukue kwa kuburuta faili huku skripti inaendesha, hasa kwenye hali ya WAL (SQLite inapoandika kwanza kwenye faili la pembeni), kwani sehemu ya data iko kwenye faili la -wal. Amri ya kuchukua nakala ni VACUUM INTO.

Faili hili lina barua za watu wengine, hati za mishahara na mawasiliano ya benki. Simba diski nzima kwa BitLocker (Windows) au LUKS (Linux) kabla ya kubeba kompyuta kwenye daladala. Na ukianza kuchambua barua za wateja kwa ajili ya biashara, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Barua mpya ziongeze kila mwezi kwa IMAP, bandari 993, kwa nenosiri la programu na si la akaunti. Tunza UID ya mwisho (namba ya barua ndani ya folda) pamoja na UIDVALIDITY (namba inayoonyesha kama UID hizo bado ni halali). Ya pili ikibadilika, UID zako za zamani hazina maana tena. Fungua folda kwa readonly=True na uombe BODY.PEEK[], la sivyo kila barua ambayo hujaisoma itaonekana imeshasomwa.